Neno Moja Mlangoni

Siku ya Chokaa jua la mji ule halikuwa na haraka. Lilipanda mpaka juu ya Mlango, likateremka kidogo, kisha likapanda tena kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Watu walikwisha kuzoea. Waliendelea kukoroga chokaa kwenye mapipa na kupaka mawe ya wafu wao bila kuinua macho, maana walijua kwamba lolote litakalofanywa na jua hapo katikati, mwisho wake litazama tu, na likizama, mawe yasiyo na jina yatabebwa kwenda ukutani.

Perusi aliamka siku hiyo akapima unga wa uji vikombe viwili. Akavitazama. Akarudisha kimoja kwenye debe. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi tangu msiba: mkono ulipima wa watu wawili, macho yakarekebisha. Alikwisha kuukemea mkono huo kwa sauti, kama mtu anavyomkemea mbuzi anayerudi kwenye shamba lile lile, lakini haukusikia. Katika nyumba nzima ni kitu kimoja tu kilichokuwa hakijapokea habari za kifo, nacho kilikuwa mkono wa kulia wa Perusi.

Msiba ulikuwa na muda gani, hakuna aliyeweza kusema vizuri. Mwaka, au saba. Katika mji ule miaka haikuhesabiwa, ilipakwa chokaa: ukipita mmoja walipaka juu yake, na chini ya weupe huo ulibaki mwaka mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka mtu akigusa ukuta wa nyumba yake hajui kama anagusa utoto wake au uzee wake. Siku ya Chokaa nayo ilikuja ilipotaka. Hii ilikuwa ya kwanza tangu msiba, na Perusi alikuwa ameingoja kama anavyongoja mtu aliyeshikilia pumzi.

Mji ule ulikuwa na desturi moja iliyozaa nyingine zote. Kila mtu, alipofikia utu uzima, alipewa Neno moja. Si maneno ya kuongea; hayo watu walikuwa nayo tele na waliyamwaga ovyo. Hili lilikuwa Neno la kusimama Mlangoni mbele ya karani na kusema: huyu namjua, ni fulani. Ukishalitoa halirudi, na hupewi jingine. Mama Keziya, jirani wa Perusi, alilitoa angali kijana kwa ajili ya mbuzi ambaye watu wawili walimgombea, na mbuzi mwenyewe walimla wiki ile ile. Alipoulizwa kama hajuti, alisema nyama ilikuwa laini. Karani Obadia alilitoa kwa ajili yake mwenyewe: alisimama mbele ya kioo akasema huyu namjua, ni karani, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumuuliza swali.

Lakini kazi hasa ya Neno ilikuwa kwa watu wa aina mbili, mgeni aliyeingia kutoka nje na maiti aliyeletwa kutoka nje. Maiti wa nje alizikwa chini ya jiwe tupu. Siku ya Chokaa ikifika, mtu wake alitoa Neno, jina likaandikwa juu ya jiwe, na jiwe likabaki mahali pake. Asipopata mtu, jiwe lilibebwa likajengewa ukutani, na jioni hiyo hiyo jina lile lilitoka katika vichwa vya wote, hata kichwa cha mama mzazi. Na mgeni wa nje asipopata shahidi hadi jua kuzama, aliteremshwa katika shimo la chokaa, nyuma ya ukuta, na mji ukaendelea. Mji haukuwa na ukatili. Ulikuwa na utaratibu.

Binti wa Perusi aliitwa Damari. Alikuwa amekwenda kuchimba chumvi ng'ambo ya bonde, akapatwa na homa huko, akafia mikononi mwa watu ambao Perusi hatawajua kamwe. Walimrudisha ndani ya mkeka ulioshonwa pande zote kwa kamba ya mkonge, wakamlaza mbele ya Mlango, wakaondoka. Na sheria ilisema mkeka ulioshonwa nje haufunguliwi. Karani alimuuliza Perusi, kwa upole kabisa, alijuaje kuwa ni mtoto wake aliyemo. Perusi aliinama, akauinua mkeka ule, na mikono ikajua. Kwa hesabu ya Perusi mwenyewe, Damari alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Lakini kuna namna mtu anavyoegemea upande mmoja anapobebwa, na namna hiyo haibadiliki tangu siku ya kwanza.

Tangu siku ile hakuna aliyemwita Mama Damari. Jina ambalo halijashuhudiwa halitamkwi, na mtu hawezi kuitwa mama wa mtu ambaye mji haumjui. Kwa siku moja akarudi kuwa Perusi, kama alipokuwa msichana wa kuteka maji. Watu walimwita hivyo kwa sauti ya chini, ya huruma, na kila walipomwita ilikuwa kama wanampokonya mtoto mara ya pili.

Alilihifadhi Neno lake chini ya ulimi. Alitafuna upande mmoja ili asiliumize.

Na wiki hiyo hofu ilikuwa imempata. Damari alikuwa na pengo, jino moja la pembeni lililong'oka utotoni na lisiote tena, likionekana akicheka tu. Perusi alikuwa akifua nguo alipojiuliza, bila sababu, lilikuwa upande gani. Akangoja jibu lije. Halikuja.

Kushoto.

Hapana, kulia, maana alipolala begani kwangu nililiona.

Lakini bega lipi.

Basi alikwenda Mlangoni na ndoo yake kama mtu anayekwenda kulipia kitu kabla bei haijapanda. Leo atachukua chokaa, atapaka jiwe, atamleta karani, atasema Neno. Jina likishaandikwa, na pengo litarudi mahali pake. Aliamini hivyo.

Kwenye benchi la wageni, ameegemea ukuta, alikuwa ameketi mtu.

Hakuwa na mzigo. Nguo zake zilikuwa na vumbi la njia ndefu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ungeapa umemwona mahali, ila kila ulipokaribia kupakumbuka mahali penyewe, palikukimbia. Karani Obadia alikuwa amesimama mbele yake na kitabu. Alikwisha kumuuliza mara tatu yeye ni nani. Mara ya kwanza mgeni alimwambia kwamba ametoka kwa Baba yake na kwa Baba yake anarudi. Mara ya pili alimwambia kwamba anayemtazama yeye amemtazama aliyemtuma. Karani akasema kitabu kina mstari mmoja kwa kila mtu, hakina nafasi ya wawili. Mgeni akamwambia mstari mmoja unatosha. Mara ya tatu aliwageukia watu waliokuja kuchukua chokaa, akawauliza wao wanamwona kuwa nani.

Hapo kila mtu akawa na la kusema. Mmoja alisema huyu ni ndugu wa fundi mawe, mashavu yale yale. Mwingine alisema ni nabii wa zamani aliyefufuka, na alipoulizwa ni nabii yupi akasema yule ambaye jiwe lake limo ukutani na jina lake limetoka. Mwanamume mwenye toroli alisema ni mganga. Shemeji yake alimwona bondeni akimgusa kipofu kwa matope. Wa nyuma wakasema ni mwendawazimu, na wamwache mtu apate kivuli.

"Mwendawazimu hana macho hayo," alisema Mama Keziya, mtungi wa maji ukiwa kichwani. "Mwendawazimu anakupita. Huyu anakutazama mpaka unakumbuka ulichoiba."

Watu wakacheka. Karani akangoja kicheko kiishe.

"Hayo ni maneno," alisema. "Nani anashuhudia?"

Papo hapo watu wakakumbuka kazi zao. Waliokuwa wamekwisha kutoa Neno waliondoka polepole, na waliokuwa nalo bado wakaondoka haraka zaidi. Mama Keziya alisema inasikitisha, mtu mwenyewe anaonekana mpole. Karani akamjibu kwamba huruma si ushahidi, akaketi kwenye kiti chake na kulitazama jua, lililokuwa limeanza kuteremka, safari hii bila kurudi nyuma.

Perusi alibaki penye mapipa. Alikuja kuchukua chokaa, na chokaa alichukua. Alitia mabonge kwenye pipa, akamimina maji, na chokaa ikaanza kuchemka yenyewe, kama inavyochemka bila moto, ikitoa mvuke mweupe na sauti ya mtu anayenong'ona kwa hasira. Pipa likayumba. Kabla hajalidaka, mgeni alikuwa amesimama akalishika kwa mikono mitupu, na chokaa ya moto ikamrukia.

Ndipo Perusi alipoiona mikono yake. Katikati ya kila kiganja palikuwa na kidonda kirefu kilichotoboka, na chokaa iliingia humo. Watu wote wa mji ule wanajua chokaa inavyofanya ndani ya kidonda. Wanaume wenye ndevu wameonekana wakilia kwa mchubuko wa kidole. Mgeni alivuta pumzi tu, akaliweka pipa sawa.

"Pole, baba," Perusi alisema. Alikuwa na kichupa cha mafuta ya alizeti, wapakaji wote hutembea nacho. Akayamimina katika viganja vile na kuvipangusa kwa ncha ya khanga. Vidonda vilikuwa vya zamani. Havikuwa vimeoza, wala havikuwa vimefunga. Vilikuwa kama mlango ulioachwa wazi kwa makusudi, ili mtu fulani akichelewa asikute umefungwa.

Mgeni alimuuliza anampaka nani leo. Akamwambia mwanawe. Akamuuliza anaitwaje, na Perusi akasema jina halitamkwi bado, mpaka jioni. Mgeni alitikisa kichwa kama anayeelewa sheria bila kukubaliana nayo. Kisha akamuuliza anaogopa nini.

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Walimuuliza kama amekula. Walimuuliza kama analala. Na Perusi, ambaye hakumwambia hata Mama Keziya, alimwambia mtu huyu wa benchini habari za pengo. Alisema kwamba amesahau upande, na kwamba mtu akisahau upande wa pengo, kesho atasahau kicheko, keshokutwa mdomo. Mgeni alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema ni kitu kidogo.

Perusi akageuka kuchota chokaa, na hapo akauona ukuta.

Pale mgeni alipokuwa ameegemeza mgongo, weupe ulikuwa umelowa. Alama ya mabega na uti wa mgongo ilikuwa imejichora pale kwa unyevu, na ndani ya unyevu huo, kama vile mishipa inavyoonekana chini ya ngozi ya mtoto mchanga, palikuwa na herufi. Perusi alisogea. Zilikuwa majina. Moja juu ya jingine, katika kila jiwe, majina madogo kana kwamba yamechongwa na mikono tofauti, ingawa mawe hayo yalibebwa yakiwa matupu, yakipanda toka chini hadi juu ya mahali ambapo mgongo wake haukufika, maana unyevu ulikuwa unaendelea kuenea. Akasoma lililokuwa karibu na macho yake. Hulda.

Na Hulda akaja mzima mzima. Hulda mfinyanzi, aliyechechemea mguu, aliyeimba huku amefumba mdomo. Hulda aliyekesha naye siku tatu Damari alipozaliwa, akamkata kitovu, akasema mtoto ana mapafu ya mpiga mbiu. Alikuwa amekwenda kutafuta udongo mzuri nje ya Mlango, akarudi kwa mkeka, na hakuwa na ndugu. Perusi alikuwa amempenda mwanamke huyo. Na kwa miaka yote hii hakuwa amemkosa. Hakujua hata kwamba kuna mtu wa kumkosa. Ukuta aliouegemea kila siku, alioupaka mwenyewe mara nyingi kuwa mzuri, ulikuwa umejengwa kwa watu, na mtu mmoja ameuegemea kwa muda wa kupumzisha miguu, na wao wametoka kumwona.

Aliweka mkono pale. Palikuwa na joto kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi.

Akamwita Mama Keziya. Jirani yake akaja, akaangalia, akasema ni unyevu; ukuta wa upande ule hauna msingi mzuri na yeye alikwisha kusema zamani.

"Humkumbuki Hulda?"

"Hulda yupi?"

Perusi alitazama mtungi uliokuwa kichwani pa Mama Keziya. Shingo yake ilikuwa na mistari miwili na alama ya kidole gumba, kama mitungi yote ya Hulda. Mwanamke huyu alibeba kazi ya mikono ya rafiki yake kila siku, akanywa ndani yake, na hakumjua aliyemfinyangia.

Akamgeukia mgeni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uliwajua?"

"Nawajua."

"Wewe ni nani?"

"Wewe unasema ni nani?" mgeni akamuuliza. Hakuuliza kama karani, wala kama mtu mwenye kuomba. Kisha akatazama jua akasema, "Linateremka. Nenda kwa mwanao."

Hakumwomba Neno. Baadaye Perusi angelifikiria hilo kuliko yote: kwamba angeweza kumwomba, na alimwambia aende.

Akaenda. Jiwe la Damari lilikuwa la mwisho katika safu, karibu na majani. Alilipaka kwa brashi ya mkonge, kwanza juu, kisha pembeni, chokaa ikimla vidole, na alipokuwa akipaka alifikiri, ikiwa kufikiri ndilo jina la kile kilichokuwa kikitokea ndani yake. Maana hakikuja kwa mpangilio. Kilikuja kama maji yanavyoingia nyumbani, kwa kila ufa kwa wakati mmoja.

Nikisema Neno hapa, Damari atakaa juu ya jiwe hili.

Hulda naye alikuwa na jiwe.

Jiwe hukaa mpaka lipasuke. Kisha nani atamshika?

Yule ameshika wote. Ameegemea tu.

Lakini nikilitoa kwake, jioni hii nitamsahau. Nitamsahau mwanangu. Nitaamka kesho na kupima kikombe kimoja, na mkono hautakosea tena.

Hilo la mwisho lilimfanya aketi chini. Alikuwa amechoshwa na kosa la mkono wake kila asubuhi, na sasa akaona kwamba kosa lile ndilo lililobaki la mwanawe duniani.

Watu husema kuamini ni kuona vizuri zaidi ya wengine. Perusi hakuona vizuri. Unyevu ule Mama Keziya aliuona pia, kwa macho mazima, na ulikuwa unyevu. Kama mtu angemuuliza Perusi saa ile una hakika, angesema sina. Ilikuwa kama mbele yake pana tena mkeka ulioshonwa pande zote ambao sheria haimruhusu kuufungua, na ndani yake mtu. Hakuwa na hakika. Alikuwa na mikono. Mikono hiyo ilikuwa imeshika viganja vilivyotobolewa, ikavijua vile vile ilivyoujua uzito wa binti yake, bila uso, bila maelezo, ikajua kwamba huyu ndiye na hakuna mwingine. Na kama mikono ilisema kweli mara ile ya kwanza, iweje adai imesema uongo mara hii? Akitaka kumwamini Damari ndani ya mkeka, itambidi amwamini na yule benchini. Ilikuwa mikono ile ile.

Akainuka. Brashi ilikuwa bado mkononi.

Jua lilikuwa limegusa ukingo wa bonde alipofika Mlangoni. Wanaume wawili wa shimo walikuwa wamemsimamisha mgeni na kumfunga kamba kiunoni, kwa adabu, kama wanavyomfunga kila mtu. Karani Obadia alikuwa amefungua kitabu kwenye ukurasa mwingine.

"Huyu namjua," Perusi alisema.

Neno lilitoka chini ya ulimi kama jino linavyotoka. Akasikia ladha ya damu. Watu waliokuwa wakiosha mapipa wakaacha kuosha.

"Perusi," karani akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee, "kitabu hakifutiki. Una jiwe kule."

"Shoga yangu," Mama Keziya alisema akimshika kiwiko, "na mtoto je?"

"Namwachia huyu."

"Umwachie mtu wa njiani?"

Karani alichovya kalamu. Akauliza mgeni huyu ni nani, maana haitoshi kusema namjua. Perusi alimtazama mgeni, mgeni akamtazama yeye, na wote waliokuwapo walisema baadaye kwamba ukuta wote, toka Mlango hadi kona ya visima, ulitoa jasho.

"Ndiye anayewajua hawa waliomo ukutani," alisema. "Alitujua kabla sisi hatujajuana. Ni wa kwa Mungu, na akiwa hapa, Mungu yuko hapa. Andika Bwana."

"Bwana nani? Mji huu una mabwana wengi."

"Andika hivyo hivyo. Hakuna wa kumchanganya naye."

Karani aliandika. Wanaume wa shimo wakafungua kamba, wakaikunja, na mmoja wao, bila kujua kwa nini, akavua kofia. Jua lilikuwa nusu limezama. Likabaki nusu.

Perusi akageuka kurudi kwenye mawe, na njiani likaanza. Hakuumia. Ilikuwa kama mtu anayetoa vyombo nyumbani mwako kimoja kimoja, kwa utulivu, wakati wewe umeketi. Pengo lilikwenda kwanza. Kisha kicheko. Kisha namna ya kuegemea upande mmoja. Alishika jina kwa mikono miwili, akalitamka kwa nguvu kinyume cha sheria, Da, akasema, Da, na sehemu iliyobaki haikuwapo. Aliendelea kutembea kwa sababu miguu ilikuwa inakwenda mahali.

Akafika mbele ya jiwe jeupe mwisho wa safu. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Mkononi mwake palikuwa na brashi, na hakujua ni nani aliyempa. Akaketi kwenye majani. Alijisikia kulia, akalia, ingawa hakuwa na mtu wa kumlilia, na kilio cha namna hiyo hakina mahali pa kuanzia wala pa kuishia.

Mtu alikuja akasimama nyuma yake. Macho yake yalikuwa na maji na chokaa, hakuona vizuri, akadhani ni mbeba mawe.

"Baba," alimwambia, "kama umekuja kulichukua, lichukue tu. Sijui ni la nani. Ila nimekaa nalo kidogo, nimelizoea. Libebe polepole."

Yule mtu hakuligusa jiwe.

"Mama Damari," akaita.

"Abee," akaitika.

Aliitika kabla ya kujua kwamba ameitika, kama alivyoitika kisimani, uani, juu ya ua wa jirani, mara mia kwa siku, miaka ishirini na mitatu, pale jina hilo lilipokuwa jina lake na halikuwa na uzito wowote. Na mwitiko ulipokwisha kutoka, mtoto alikuwa amerudi ndani yake. Hakurudi kidogo kidogo. Pengo lilikuwa kushoto. Kushoto, na alikuwa akilificha kwa ulimi akipigwa picha. Alichukia uji mzito. Alitembea akiburuta kandambili. Na nyuma ya Damari alikuja Hulda akichechemea, na nyuma ya Hulda watu ambao Perusi hakuwahi kuwajua, wote wakiwa na majina, wote wakiwa wanaitwa na sauti ile moja. Akaelewa, kwa namna isiyopita kichwani, kwamba huwezi kuitwa mama wa mtu asiyekuwapo. Aliyemwita alikuwa ameyajua hayo alipomwita. Yeye hakosei majina.

Alitaka kugeuka na akaogopa kugeuka, si woga wa shimo, bali ule wa mtu aliyeingia na viatu mahali ambapo hakujua kuwa ni patakatifu. Akainamisha paji la uso mpaka likagusa jiwe.

"Bwana wangu," akasema.

Alimsikia akicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye furaha aliyetembea sana. Kisha akasikia akimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kumwambia mtu mambo ya jikoni, arudi nyumbani akabandike sufuria. Na unga, asiurudishe.

Alipoinua uso hapakuwa na mtu. Juu ya jiwe, penye chokaa mbichi, palikuwa na alama ya kiganja, na katikati ya kiganja palikuwa wazi, hadi kwenye jiwe lenyewe.

Jua lilikuwa bado nusu. Perusi alipita Mlangoni, akapita karibu na Mama Keziya aliyekuwa ameteremsha mtungi wake chini na kupitisha kidole kwenye ile mistari miwili, tena na tena, kama mtu anayesoma. Nyumbani aliwasha moto, akatia maji, akafungua debe. Mkono ulipima vikombe viwili. Macho yakavitazama.

Akavimimina vyote, akakoroga, akaufanya uji mwepesi. Kisha akaweka bakuli mbili mezani na kwenda kuusukuma mlango mpaka ukafika mwisho, ukagonga ukuta, ukakaa wazi.